Mwamba Uliozuia Meli: Jinsi ya Kuandaa Siku ya Sayansi ya Ardhi Kisangani

Meli inayotoka Kinshasa hupanda Mto Kongo kiasi cha kilomita 1,700, inafika Kisangani, inakoma. Mto haujaisha. Mbele kuna mwamba. Kati ya Ubundu na Wagenia, ukingoni mwa mji, maji yanashuka maporomoko saba katika umbali wa kilomita 100 hivi. Mteremko wote kwa jumla ni mita 60 tu, lakini unatosha kuvunja chombo chochote. Kwa hiyo mizigo ilishushwa hapa, Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, akaweka makao yake hapa, na Wabelgiji wakajenga reli ya kilomita 125 hadi Ubundu, iliyokamilika mwaka 1906, ili kuyazunguka maporomoko. Bandari, soko, hata Kiswahili kinachosikika katika komine za Kabondo na Makiso, vyote ukivifuata nyuma hadi chanzo chake utajikwaa kwenye jiwe.

Na bado, msimamishe mtu barabarani umuulize jiolojia ni kitu gani. Jibu la kwanza ni almasi. La pili ni dhahabu. La tatu hupati. Mhadhiri wa chuo kikuu anajua kwamba kisima kinachokauka Mangobo ni jiolojia, na korongo linalokula viwanja vya watu ni jiolojia, na maji yaliyoingia vyumbani kule Lubunga ni jiolojia vilevile. Ila anajua yeye na wanafunzi wake. Makala haya ni ya yeyote anayetaka kufungua lango la chuo kwa siku moja au mbili ili ujuzi huo utoke nje: mhadhiri, chama cha wanafunzi, mwalimu wa sekondari, hata parokia yenye ua mkubwa.

Chuo Kikuu cha Kisangani hakianzi mikono mitupu. Kilizaliwa mwaka 1963 kikiitwa Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kikamezwa mwaka 1971 na chuo kikuu kimoja cha taifa zima la Zaire, kikarudishiwa uhuru wake mwaka 1981. Kina kituo cha kuchunguza bioanuwai, kina misitu ya utafiti Masako na Yoko, na kina jirani mkubwa: Yangambi, kiasi cha kilomita 100 ukishuka na mto, ambako utafiti wa kilimo na udongo ulianza mwaka 1933. Mwaka 2010 watafiti wa Kongo na wa Ubelgiji walipanda majahazi pamoja na kuuchunguza mto kwa majuma kadhaa. Safari hiyo waliipa jina la Kilingala, Boyekoli Ebale Congo, yaani kujifunza Mto Kongo. Kinshasa nako kuna Wiki ya Sayansi na Teknolojia, aliyoianzisha mwalimu wa fizikia Raïssa Malu mwaka 2014, ambayo imeonyesha kwamba watoto wa Kongo wakipewa jaribio la kushika kwa mikono hawaondoki hadi wafukuzwe.

Tarehe kwanza

Kalenda ya dunia imejaa siku za namna hii. UNESCO imetenga tarehe 6 Oktoba kuwa siku ya kimataifa ya utajiri wa miamba, udongo na sura za nchi. Ilitangazwa mwaka 2021 na kuadhimishwa mara ya kwanza 2022. Marekani wana juma zima la sayansi ya ardhi kila Oktoba tangu 1998. Tarehe 22 Machi ni siku ya maji, 23 Machi ni siku ya hali ya hewa, 5 Desemba ni siku ya udongo. Afrika ina yake pia, siku ya mwamko wa kisayansi, tarehe 30 Juni, lakini Kongo siku hiyo ni ya Uhuru na hakuna atakayeacha gwaride aje kutazama chupa ya tope.

Mimi ningechukua 22 na 23 Machi kwa pamoja. Sababu ni nyepesi: maji na mvua ndivyo vinavyowauliza watu wa Kisangani maswali kila siku. Usisubiri mwezi usio na mvua, maana haupo. Mji uko hatua chache kaskazini mwa ikweta na hupata zaidi ya milimita 1,700 za mvua kwa mwaka. Anza saa 2 asubuhi, funga saa 7 mchana, na uwe na turubai.

Jambo jingine la ratiba: hotuba. Niliwahi kualikwa kwenye siku ya sayansi ya chuo kimoja, nisichokitaja. Saa mbili za kwanza zilikwenda kwa salamu za wakubwa, kila mmoja akitambua uwepo wa mwenzake. Watoto wa shule waliokuja wamepangwa mistari, na sare zao zimepigwa pasi, walikuwa wamekaa juani. Hotuba ilipomalizika na meza kufunguliwa, walimu wao walikuwa wameshawaondoa. Mpe mkuu wa chuo dakika tano, tena umpe mwishoni, atakapokuwa na kitu cha kusifia.

Meza ya mvua

Kama una uwezo wa kuandaa meza moja tu, andaa hii.

Chukua chupa ya plastiki ya maji iliyonyooka ubavu. Kata sehemu ya juu pale inapoanza kubana, igeuze kichwa chini, iingize ndani ya chupa kama faneli. Tia kokoto chache chini ili isiangushwe na upepo, mimina maji kidogo hadi yafunike kokoto na kufikia pale ubavu uliponyooka, kisha chora mstari hapo: hiyo ndiyo sifuri. Bandika ubavuni rula ya shule, sifuri yake ikae kwenye mstari wako. Umepata kipima mvua. Kiweke mahali pa wazi, mbali na mti na paa, na kila asubuhi saa ileile soma, andika, mwaga, rudisha maji kwenye mstari.

Hadi hapo ni mchezo wa watoto. Sasa waite wazazi wao na uwaonyeshe hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji, wala huhitaji kikokotoo. Nyumba yenye paa la bati la mita 8 kwa 5 ina mita za mraba 40. Ikinyesha mvua kubwa ya milimita 50, paa hilo limepokea lita 2,000. Usiseme lita 2,000, kwa sababu hakuna anayeziona. Sema bidoni 100 za lita 20. Kila mama anajua bidoni moja inavyomvunja shingo kutoka kisimani. Halafu muulize: bidoni 100 hizo, mama, kwako zinamwagikia wapi?

Zinamwagikia kwenye kona moja ya kiwanja, kwa saa moja. Jirani naye kadhalika, na jirani wa jirani. Hakuna mfereji, basi maji yanafuata njia ya miguu, na baada ya misimu michache njia imekuwa mfereji na mfereji umekuwa korongo, lile ambalo mtaani huitwa tu erozyo, kama jina la adui. Watu wengi wanaamini korongo linaanzia kule chini linapotisha. Meza hii inawaonyesha kwamba linaanzia juu, kwenye paa, na kwamba dawa ya kwanza ni kuyakamata maji hapo juu: pipa chini ya bati, shimo la kunyonya maji lililojazwa mawe, nyasi kwenye kingo. Nimeona mzee akihesabu paa la kanisa lake kwa vidole, akanyamaza, halafu akaomba karatasi.

Kando ya kipima mvua weka mabeseni mawili yaliyoinamishwa kidogo, kila moja na udongo wa hapohapo mtaani. La kwanza udongo mtupu, la pili udongo uliopandwa nyasi majuma matatu kabla (hapa ndipo maandalizi ya usiku mmoja huumbuka). Toboa kopo kwa msumari, nyunyizia maji sawasawa kila upande, kinga yanayotoka kwa gilasi mbili. Gilasi moja itakuwa kama chai ya maziwa, nyingine karibu na maji. Usiseme neno. Waache watazame.

Udongo, chupa na limau

Meza ya pili ni ya udongo. Jaza chupa ya kioo theluthi moja ya udongo, ongeza maji, tikisa kwa nguvu, weka chini. Mchanga hutua kabla hujamaliza kuhesabu hadi sitini. Chembe laini zaidi huchukua saa kadhaa. Udongo wa mfinyanzi hubaki ukielea na kuyachafua maji hadi kesho yake. Kwa hiyo andaa chupa moja jana yake ionyeshe tabaka zilizokwisha kutua, na nyingine wageni watikise wenyewe. Waombe walete udongo wa shambani kwao katika mfuko mdogo. Mtu akibeba udongo wake mwenyewe atasubiri majibu yake, hata ukichelewa.

Hapa pana nafasi ya kueleza kitu ambacho mkulima wa mkoa wa Tshopo anakijua kwa jasho: msitu ni mkubwa, miti mirefu, lakini ukifyeka na kuchoma unavuna vizuri msimu wa kwanza, wa pili unapungua, wa tatu unahama. Udongo wa ukanda huu ni mzee mno na umeoshwa na mvua kwa muda usiohesabika; chakula kingi cha mimea kiko kwenye miti na majani yanayooza, si chini. Jean de Heinzelin, mwanajiolojia wa Kibelgiji, yuleyule aliyefukua mwaka 1950 mfupa maarufu wa Ishango unaodhaniwa kuwa na alama za kuhesabia, alichunguza udongo wa kale wa kaskazini-mashariki ya bonde la Kongo na akaona humo dalili za enzi za ukame. Waambie watu kwamba chini ya msitu huu kuna kumbukumbu za enzi kavu, uone watakavyobishana.

Kwa mawe, jaribio rahisi ni la chokaa. Ponda kipande cha jiwe la chokaa kuwa unga, kamulia limau au siki, sikiliza unga ukichemka. Jiwe la mchanga halifanyi kitu. Asidi ya betri isikaribie meza hiyo hata mtu akikuambia inafanya kazi haraka zaidi. Inafanya, na macho ya mtoto nayo hupotea haraka.

Wagenia

Meza zikifungwa mchana, au siku ya pili yake, watoe watu chuoni uwapeleke mtoni. Wavuvi wa Wagenia husimika magogo makubwa katikati ya maji yaendayo kasi na kuning'iniza humo vikapu vya kutegea samaki, vyenye mdomo mpana kama tarumbeta. Wageni hupiga picha vikapu. Wewe waonyeshe miguu ya magogo. Imesimama ndani ya mashimo yaliyomo kwenye mwamba, na mashimo hayo yalichimbwa na mto wenyewe. Jiwe dogo hunaswa katika kishimo, maji yanalizungusha, linasaga huku nalo likisagika, linakuja jingine. Kazi hiyo imeendelea miaka kwa maelfu, hadi kishimo kikawa na kina cha kushika gogo. Mvuvi anatumia shimo ambalo mto ulimchimbia kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Mpangilio mzuri hapa ni watu wawili kuzungumza. Papa mvuvi aeleze mkondo: mahali ambapo maji hurudi nyuma, miezi ambayo mwamba huwa nje na ile ambayo hufunikwa, tena yeye ndiye umuulize mwezi wa kuleta wageni. Mwanafunzi aeleze mwamba. Asianze mwanafunzi.

Yapo mambo matatu ya kumaliza kabla ya siku yenyewe. La kwanza ni ruhusa na malipo: hapo ni kwao, ongea na wakubwa wa kijiji mapema, mkubaliane kiasi cha fedha na nani anapokea, mbele ya mashahidi. La pili ni usalama: watoto wakae kwenye mwamba mkavu, mtu mzima mmoja kwa kila watoto kumi, na asiye na jaketi la kuokolea asipande mtumbwi. La tatu linahusu kuchimba. Kama unataka kuonyesha tabaka za udongo kwa kufungua shimo, uliza kwanza wazee wa mahali. Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji huu siku sita, makombora yakaanguka kila upande. Kazi ya kuyaondoa imefanywa, lakini pasipojulikana pasichimbwe. Tumia kingo za korongo lililokwisha kufunguka au ukuta wa machimbo ya udongo wa matofali. Tabaka zinaonekana vizuri vilevile.

Samaki wa ndani ya jiwe

Hadithi moja ya Kisangani inastahili meza yake hata kama huna kitu cha kuweka juu yake isipokuwa mchoro. Katika miamba ya eneo hili iliyowekwa na maziwa ya kale, mingine ikiwa na lami ndani yake, wanajiolojia wa Kibelgiji walipata visukuku vya samaki. Mwaka 1955 mtaalamu Pierre de Saint-Seine alichapisha maelezo ya samaki hao, na mmoja aliitwa Lualabaea, kwa jina la Lualaba, ambalo ndilo Mto Kongo huitwa juu ya maporomoko. Ni wa enzi ya Jurasi, iliyokwisha miaka milioni 145 iliyopita, na ni wa ukoo wa silikanti: samaki yuleyule ambaye wanasayansi walidhani ametoweka hadi alipovuliwa akiwa hai Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wa Tanga, Tanzania, wamekuwa wakimnasa kwenye nyavu tangu miaka ya 2000. Mtoto wa Lubunga anaposikia kwamba binamu wa samaki wa Tanga amelala kwenye jiwe la kwao, hahitaji tena kushawishiwa kwamba sayansi ni yake.

Yangambi nayo, kama bajeti inaruhusu kumwalika mtu wa kule, ina mnara wa mita 55 uliosimamishwa msituni kupima hewa ambayo msitu unavuta na kutoa. Na profesa wa Kisangani, Corneille Ewango, aliyepata tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2005 kwa kuilinda hifadhi ya Okapi wakati wa vita, ni miongoni mwa waliopima ardhi ya mboji ya bonde la Kongo. Utafiti wao wa mwaka 2022 ulikadiria eneo la zaidi ya kilomita za mraba 167,000 lenye kaboni tani bilioni 29 hivi. Takwimu hizo ni nzito kwa meza ya watoto. Ziwekee nafasi jioni, redioni.

Swali la almasi

Litakuja. Atatokea mtu na kijiwe ndani ya kitambaa, atakuvuta pembeni, atauliza bei. Amua mapema: siku hiyo hakuna kupima thamani, hakuna kununua, hakuna kuchukua sampuli ya mtu aondoke bila kujua inakwenda wapi. Liandike kwa herufi kubwa langoni, kwa Kiswahili na Kilingala. Ukifanya kosa hapa, uvumi utasema chuo kinatafuta madini kwa niaba ya wageni, na mwaka ujao mlango utakuwa wazi bila watu.

Usiwafukuze wachimbaji, hata hivyo. Waweke mezani kama walimu. Mtu aliyechekecha changarawe miaka ishirini anajua ni mkunjo gani wa mto unaotupa kokoto nzito, na huo ni ujuzi wa mashapo ambao mwanafunzi wa mwaka wa pili anaupata kitabuni kwa taabu. Ajitokeze na chekecheo lake, azungushe beseni, aonyeshe jinsi vizito vinavyobaki katikati.

Kuwaita watu

Barua kwa mkuu wa komine na kwa shefu wa kila karitie ni lazima, nakala zigongwe muhuri. Lakini barua haiiti watu. Wanaoita ni redio, makanisa, misikiti na waendesha toleka, wale wa baiskeli na siku hizi wa pikipiki, ambao wanajua kila korongo la mji kwa sababu wanalizunguka kila siku. Wape vipeperushi, na uwaombe wachore kwenye karatasi kubwa mahali barabara zinapokatika. Ramani hiyo itundikwe ukutani siku yenyewe. Hakika itakuwa ndiyo inayozungukwa na watu wengi kuliko meza yoyote.

Lugha iwe ya nyumbani. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kifaransa huganda akitakiwa kueleza jambo lilelile kwa Kiswahili. Mpe wiki moja ya kujizoeza mbele ya mama yake. Akielewa mama, karitie itaelewa.

Fedha zinazohitajika ni za chupa, mabeseni, turubai, spika moja, maji ya kunywa na nauli ya wavuvi. Fulana zenye maandishi na mabango makubwa huja mwisho, kama kuna kilichobaki. Na kila mtoto aondoke na kipima mvua alichokikata mwenyewe, pamoja na karatasi yenye mistari 31.

Karatasi hizo zirudi chuoni mwisho wa kila mwezi. Shule kumi zikiandika mvua kwa mwaka mzima, Mangobo, Tshopo, Lubunga na kwingineko, mji utakuwa na rekodi ambayo mhandisi wa mifereji anaweza kuitumia. Mapema Januari 2024 Mto Kongo ulifika mita 6.20 mjini Kinshasa, karibu kabisa na rekodi ya mita 6.26 ya mwaka 1961, na kulinganisha huko kuliwezekana kwa sababu kulikuwa na mtu mwaka 1961 aliyesoma kipimo na kuandika.

Wewe unayesoma haya usingoje mwaliko. Tafuta chupa leo, kata, chora mstari, itoe nje kabla mvua ya jioni haijaanza, na kesho asubuhi uandike namba ya kwanza. Siku lango la chuo litakapofunguliwa, njoo na daftari lako.